Bakuli la Tai

“Joséline, ukimaliza kuwahesabu hao ndege wako, utaanza kutuhesabu na sisi?”

Lusia alimuuliza hivyo bombani, mbele yetu wote, ndoo yake ikiwa bado haijajaa. Lusia ni mtu wa utani na utani wake tunaujua, huwa anaanza kucheka kabla hajaumaliza. Asubuhi ile hakucheka. Joséline alingoja ndoo ijae, akamtwika kichwani, halafu akasema taratibu, “Sijui, Lusia. Ningejua ningekuambia.”

Jibu hilo ndilo lililoleta maneno. Angesema “hapana” yangeishia palepale kwenye tope. Lakini Joséline hasemi asichokijua, na sisi tuliozoea watu wenye majibu ya haraka tukaona kama anaficha jambo.

Ni jirani yangu, tuko jumuiya moja, na nyumba yake ndiyo ya mwisho huku kwetu upande wa Ugalla kabla msitu haujaanza, ile yenye ua wa minyaa. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa hukuhuku, na leo ni raia kama mimi niliye Mkonongo, mwenyeji wa asili wa huku. Mumewe, marehemu Nestori, alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake aliitundika kwenye miti ya mlima ulio nyuma ya kanisa letu la kigango, na alipofariki, Joséline akawa anapanda kule kila siku kuiangalia. Kurina asali siyo kazi aliyoiweza, hiyo ilifanywa na shemeji yake. Yeye alikuwa anapanda tu. Mwenyewe aliniambia, “Dada, nyumbani kuna ukimya unaokaa kwenye kiti cha Nestori. Kule juu angalau kuna upepo.”

Basi ni kule juu alikowaona. Ilikuwa Machi, mvua zinaanza kupungua, akainua macho kutazama kama kuna wingu, akakuta anga limejaa tai. Wanatoka kusini, wanarudi kwao mbali sana huko kaskazini wanakotagia. Huwa wanapita kila mwaka, na sisi sote tumezaliwa tukiwaona. Tulikuwa tunaita vifaranga viingie ndani, basi, hatukuwahi kuuliza wanakwenda wapi.

Mwaka uliofuata akaja Denis kwa pikipiki. Denis ni mtu wa mradi unaohesabu hao ndege wenye makucha wanapopita, tai, vipanga na mwewe, ili ijulikane kama wanaongezeka au wanapungua. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa mlimani siku nzima msimu wa kupita kwao. Katekista akamwambia, mbona yupo mmoja anayekaa bila kuambiwa. Denis akampa darubini, kofia, karatasi ya kuandikia, na picha za ndege ili awatofautishe. Wengine mpaka leo wanamchanganya. Akishindwa kabisa anaandika “tai tu”, na Denis anasema hiyo nayo ni sawa.

Shida ilikuwa kuhesabu kwenyewe.

Mama yake Joséline alimkataza tangu mdogo kuhesabu kitu chenye uhai kwa kukitaja namba. Ukimuuliza hata Joséline ana watoto wangapi, wale waliokwisha kwenda kwao, hatakuambia watatu, atakutajia majina mpaka yaishe, uhesabu mwenyewe ukitaka. Na kunyoosha kidole kwa kiumbe hai, mmoja, wawili, watatu, hilo kwake ni kama kukiitia balaa. Mimi nilimuuliza, “Sasa kazi ya Denis utaifanyaje?” Akafikiri siku mbili tatu. Halafu akanionyesha.

Alikaa na bakuli la bati mapajani. Kwenye pindo la kitenge alifunga maharage ya njano, na kwenye kimfuko kingine mahindi. Akipita ndege mmoja peke yake anadondosha harage moja. Wakipita kumi kwa pamoja anadondosha punje ya mahindi. Hasemi kitu, hanyooshi kidole, macho hayashuki chini hata kidogo, mkono ndio unaofanya kazi. Jioni anarudi nyumbani, anasali, anamwaga bakuli kwenye ungo na kuhesabu.

“Mimi tai siwahesabu,” alisema. “Nahesabu maharage. Maharage hayana ubaya.”

Nilipanda naye siku moja nikaona. Asubuhi hakuna kitu, tai wanakuwa wametua kwenye miti kule bondeni. Jua likishapasha mawe, hewa ya moto inapanda, na wao wanapanda nayo wakizunguka, mduara juu ya mduara, bila kupiga bawa. Hapo mtu usihesabu, utamhesabu mmoja mara tatu. Unangoja wafike juu kabisa, halafu wanajiachia kwenda kaskazini, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu wanaotoka kukomunika. Ndipo bakuli linaanza kulia, ti, ti, ti. Nilikaa pale na rozari yangu, na kusema kweli nilisali vizuri kuliko siku nyingi.

Lakini waliokuwa chini hawakusikia bakuli. Walichoona ni darubini.

Lazima niseme, majirani zetu hawa waliotoka Burundi kuhesabiwa wanakujua. Walihesabiwa walipovuka, wakahesabiwa walipopewa mashamba, wakahesabiwa walipoulizwa kama wanarudi kwao au wanabaki. Kila ilipokuja karatasi kuna mtu alifunga mizigo. Na huku kwetu pori la hifadhi si mbali. Jiwe la mpaka likisikika limeonekana mahali ambapo halikuwepo, watu hawapati usingizi. Kwa hiyo maneno yakaenda hivi: wanahesabu ndege, wakiona ndege ni wengi watasema mlima ni wa ndege, wakisema mlima ni wa ndege watasema na bonde ni la ndege, halafu sisi tutaambiwa tupishe.

Lusia ndiye aliyekuwa mbele. Siyo mtu mbaya, ni mtu aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa miaka mingi na hataki kuiacha. Mwewe akichukua kifaranga chake anapaza sauti kuvuka uzio: “Joséline! Njoo uandike, ndege wako naye amekuja kutuhesabia kuku!” Kwenye jumuiya, tukiwa tunasoma Neno katika Kwaresima ile, akaleta habari ya mfalme Daudi.

“Daudi alihesabu watu,” alisema, “na tauni ikaja. Nimeisoma mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.”

“Alihesabu watu wa kupeleka vitani,” Joséline akamjibu kwa upole. “Mimi hawa siwapeleki popote. Wanajiendea.”

Watu walicheka, Lusia akaona amechekwa yeye. Kesho yake akaenda kwa Telesfori, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kumtaka aitishe mkutano Joséline akatazwe kupanda mlima. Telesfori hapendi ugomvi. Akasema mkutano utakuwa Jumapili baada ya ibada.

Joséline alipata habari. Aliniambia tu, “Wakinikataza nitatii. Lakini sijui asubuhi nitakuwa naamkia nini.” Hilo ndilo lililokuwa mbele yake. Arudi kwenye ule ukimya, na arudi huku majirani wakimwona kama mtu aliyetaka kuwauza.

Ijumaa kabla ya mkutano ilikuwa siku kubwa. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa nzima, tai wakakwama mitini, na wengine nyuma yao wakazidi kuja. Ijumaa jua likatoka kali. Joséline anasema walinyanyuka kama moshi wa shamba linalochomwa, na hajawahi kuona wengi vile. Mahindi yalimwishia, akapasua kimfuko cha akiba alichobeba. Mkono ulimuuma mpaka begani. Bakuli likajaa hadi kwenye ukingo.

Ndipo kilio kikapanda mpaka mlimani.

Kilitoka kwa Lusia. Baba mkwe wake, mzee aliyekuwa anaumwa tangu Noeli, alikuwa ametutoka. Joséline alisimama na bakuli lake, na tai walikuwa bado wanapita juu ya kichwa chake. Angeweza kungoja waishe. Aliniambia baadaye: “Nikamwambia Mungu, hawa waliobaki wahesabu mwenyewe.” Akashuka. Alipitia kwake, akaweka bakuli kichanjani jikoni akalifunika, akabadilisha kitenge, akaenda moja kwa moja kukaa mkekani na Lusia. Alimshika kichwa, akakiweka begani kwake, na Lusia akalia pale pale kwenye bega la mtu ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumshitaki.

Sisi wengine tulikuwa jikoni nje, na mkuu wa jiko alikuwa Prisila. Prisila kwenye msiba ni jemadari. Watu walikuwa wengi, maharage yaliyokuwa motoni hayatoshi, nyama Ijumaa ya Kwaresima haipo, na sufuria kubwa haionekani. Akatuma mabinti wawili kwa Joséline kuchukua sufuria yake. Wakarudi na sufuria, na ndani ya sufuria wameweka bakuli.

“Mama, na hili tumelikuta,” wakasema. “Yameshachambuliwa.”

Prisila akafunua. Maharage ya njano, safi, hayana hata jiwe moja, na mahindi yamechanganywa humohumo. Akainua bakuli wote tuone. “Mnamwona mwanamke mwenye akili nyie? Mwenzenu katengeneza makande hata hajaitwa! Ninyi mmekuja na midomo tu.”

“Mahindi hayajakobolewa,” mmoja akasema.

“Meno yako ya kazi gani? Mwaga humo.”

Yakamwagwa. Mimi nilikuwa naosha sahani, sikuona kitu, na hata ningeona sidhani kama ningefikiri. Msibani cha jirani ni cha wote, hakuna anayepiga hodi.

Jioni tulipogawa chakula Joséline alipewa sahani yake palepale mkekani. Alichota mkono mmoja, akautazama. Akaliangalia harage, akaiangalia punje. Akageuka kwa Prisila aliyekuwa anapita na upawa.

“Prisila, haya mahindi mmeyatoa wapi?”

“Kwako, mama. Kula, usione aibu kula cha kwako.”

Joséline alijifunika uso kwa kitenge na mabega yakaanza kutikisika. Nikasogea kumfariji, nikidhani uchungu wa mzee umempanda. Nilipoinamisha kichwa nikagundua anacheka, anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja.

“Mana yanje, Mungu wangu,” akaninong’oneza. “Mmepika tai.”

“Tai gani?”

“Wote wa leo.”

Nikakaa. Nilitaka kumwita Prisila lakini akanishika mkono. “Acha. Usimwambie na Lusia. Leo hana nafasi ya kubeba jambo jingine.” Halafu akala. Alikula sahani yote, yale mahindi magumu, akitafuna polepole kama mtu anayeaga.

Siri ya jikoni haikai. Mabinti walimsikia akiulizia bakuli lake Jumamosi tulipotoka makaburini, na kufikia mchana kila mtu alikuwa anajua alichokula. Wengine walicheka. Wengine walishika matumbo. Mzee mmoja alimuuliza Prisila kwa hofu ya kweli kama vilivyohesabiwa vikiliwa vinamwingia mtu, na Prisila akamwambia, “Baba, kama ungeota mabawa ungekuwa umeshaota.”

Joséline alimpigia Denis simu, nami nilikuwapo. Denis alipoelewa alicheka sana, akaomba radhi, akatoa pole ya msiba. Halafu akasema wana utaratibu wao, mtu akikumbuka kwa kukisia anaweza kuandika makisio na kuweka alama kwamba ni makisio, hakuna dhambi. Joséline akasema, “Nakumbuka kwamba walikuwa wengi. Wengi siyo namba, baba.” Denis akasema basi, acha pabaki wazi. Siku kubwa kuliko zote ikabaki wazi.

Kwa ajili ya msiba Telesfori alisogeza mkutano wiki moja mbele, akamwomba Joséline asipande mpaka uishe. Wiki ile ilikuwa ngumu. Nilimwona uani kwake amesimama, mikono nyuma, anawatazama wanapita mbali. Bakuli lilikuwa limeoshwa na Prisila, limeinamishwa juu ya mawe likauke.

Jumapili tukakaa nje ya kigango. Telesfori akaeleza jambo, akauliza nani anaanza. Watu wakageukia kwa Lusia, aliyekuwa amekaa na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Akasimama.

“Nina swali moja kwa Joséline,” alisema. “Siku aliyofariki baba, ulipeleka namba gani?”

“Sikupeleka.”

“Kwa nini?”

“Mlikula.”

Mkutano mzima ulicheka, hata Telesfori alificha mdomo. Lusia hakucheka ila uso ulilegea.

“Nasikia uliruhusiwa kukisia.”

“Niliruhusiwa.”

“Ungeandika hata elfu tano, nani angekujua?”

“Hakuna.”

“Sasa kwa nini hukuandika, wewe mwanamke? Mimi ndicho ninachotaka kujua. Maana mimi nilikuwa nasema wewe unawapelekea watu namba. Na namba umeziacha zikachemka kwenye sufuria ya msiba wangu.”

Joséline alisimama. Hajazoea kusimama mbele za watu, alikuwa anasokota ncha ya kitenge.

“Nilipokuwa mtoto,” alisema, “alikuja mtu kuhesabu kaya. Alisimama barabarani, hakuingia uani. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa ndani. Mama akasema, yuko mwingine ndani. Yule mtu akasema ameshaandika. Hakumwona, hakumwandika. Mdogo wangu hakupona, na mpaka leo hakuna karatasi inayosema aliishi.” Akaiachia ile ncha ya kitenge. “Kwa hiyo mimi nisiyemwona simwandiki. Na niliyemwona nataka awe amewekwa mahali. Ni hilo tu. Hizo karatasi mwisho wake zinakwenda wapi, Denis anasema ni kwa ajili ya ndege peke yake, na mimi namwamini. Lakini kuapa siwezi. Sijafika huko zinakokwenda.”

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamume mmoja nyuma alisema bado ana wasiwasi wa mlima, na wengine wakaitikia, na sikuwalaumu, kwa sababu maneno mazuri hayajawahi kuhamisha jiwe la mpaka. Lusia alikuwa bado amesimama. Akasema, “Nami bado naogopa. Siwezi kudanganya.” Halafu akakaa, akavuta kitambaa chake kikashuka usoni.

Telesfori akajikuna kichwa. Kukataza alikuwa hataki tena, na kuruhusu huku nusu ya watu wana hofu hakuweza. Mwishowe akamgeukia mwenye jambo.

“Mama Joséline, sema wewe. Unataka mkutano huu ukufanyie nini?”

Alifikiri. Juu ya msitu tai watatu walikuwa wanaanza kuzunguka, na niliona macho yake yakiwafuata na vidole vikitafuta pindo la kitenge. Akavizuia. Akamtazama Lusia, siyo Telesfori, akasema:

“Naomba anayeogopa apande na mimi kesho, akae mpaka jua lipoe, aone ninachokitazama. Na aje na maharage yake, yangu yameisha.”